Polishi ya gari: kabla hujanunua, uliza inaacha nini kwenye plastiki nyeusi

Msomaji mmoja wa Mbagala alinitumia picha za RAV4 yake, ile ya zamani yenye plastiki za kijivu pembeni, siku moja kabla haijaenda kubeba maharusi. Rangi inang'aa, hapo hakuna ubishi. Lakini plastiki zote za chini ya milango zina madoa meupe, mipira ya madirisha ni myeupe, na chini ya waipa kama vile mtu kamwaga unga wa muhogo. Alishasugua kwa sabuni, akasugua kwa maji ya moto, mwisho akatia petroli, na petroli ndiyo ikamaliza kuziharibu. Si yeye peke yake. Malalamiko ya polishi yanayonifikia, mengi ni hayohayo, na sijaona duka linalomwambia mteja kabla hajatoa hela.

Kwa hiyo humu sitakwambia ipi inang'aa kuliko nyingine. Siku ya kwanza zote zinang'aa, hata mafuta ya nazi yatang'aa. Swali langu ni moja: ikigusa plastiki isiyopakwa rangi, inaacha nini?

Polishi ya kusugua ina chembe laini sana za unga mgumu, na nta nyingi zikikauka hugeuka utando mweupe ambao unatakiwa uufute. Juu ya bati lililopakwa rangi unafutika vizuri kwa sababu uso wake ni laini. Plastiki ya bampa na ya chini ya waipa ina vishimo na mikunjo midogo midogo. Ule unga unaingia mle, jua la Dar linaukausha mlemle, na kitambaa hakiufikii tena. Gari yoyote inayopita barabarani hapa ina plastiki hizo mahali fulani, hata kama ni ukanda tu chini ya kioo cha mbele.

Tuelewane pia kwenye jambo ambalo maduka yanalivuruga. Polishi na kinga ni vitu viwili. Polishi inasugua, inapunguza. Kinga, iwe nta au dawa ya kutengenezwa kiwandani, inakaa juu ya rangi na kuzuia jua, chumvi ya bahari, utomvu wa mwembe na mavi ya kunguru, ambayo ukiyaacha juani yanachimba alama isiyotoka kwa kuosha. Juu ya rangi yako kuna tabaka la klia, yaani vanishi angavu inayoikinga rangi, na kwenye magari mengi unene wake ni kama maikroni 40 hadi 50 tu, mwembamba kuliko unywele. Kila kompaundi, ile polishi kali ya kusugua, inayopita inakula kidogo. Gari imetoka Japani ikiwa imetumika, hujui huko ilishasuguliwa mara ngapi, halafu fundi wa hapa anataka akupigie kompaundi kila mwezi! Sugua pale penye mikwaruzo tu, tena kwa nadra. Cha kurudia mara kwa mara ni kinga.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni Meguiar's Ultimate Liquid Wax. Sifichi, hii kampuni naipendelea. Walianza mwaka 1901 kule Indiana, Marekani, wakitengeneza polishi ya fanicha, na tangu 2008 wako chini ya 3M. Jina linasema nta lakini hii ni kinga ya kutengenezwa, ya majimaji, na kwenye plastiki inakauka bila kuacha weupe. Niliipaka makusudi kwenye plastiki ya chini ya waipa, nikaiacha ikauke kabisa, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Plastiki ilibaki nyeusi vilevile. Wenyewe wanasema inapakwa hata juani. Mimi bado nakushauri kivuli, maana boneti ambayo huwezi kuwekea mgongo wa mkono haifai kupakwa kitu chochote. Paka kidogo sana. Ukiona inateleza na kufanya michirizi, umezidisha.

Kama klia ina mikwaruzo ya kucha kwenye vile vibakuli nyuma ya vitasa vya milango (angalia kwa tochi ya simu, utashangaa), anza na Ultimate Compound ya haohao, kisha Ultimate Polish, ndipo kinga. Ila hizo mbili ni za kusugua, na upendeleo wangu haubadilishi kitu: ziba plastiki na mipira yote kwa tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Usitumie selotepu ya kawaida, inaacha gundi.

Ukimaliza kusugua, futa sehemu ndogo kwa spiriti. Mikwaruzo ikirudi, ujue ilikuwa imefichwa kwa mafuta tu, haikuondoka.

Ya pili ni Turtle Wax Seal & Shine, ya kupuliza. Ni kampuni iliyoanzia Chicago miaka ya 1940. Unapuliza, unafuta, unageuza kitambaa, unafuta tena, na kwenye plastiki haiachi weupe. Kwa mtu mwenye Noah au gari lingine refu ambalo mkono unachoka kabla hujafika nyuma, hii inaweza hata kupanda namba moja. Nimeiweka ya pili kwa sababu upepo wa pwani unapeperusha nusu ya chupa kwa jirani. Pulizia kwenye kitambaa, siyo kwenye gari.

Ya tatu ni Soft99 Fusso Coat ya Japani, kopo bapa la gramu 200 lenye sponji yake. Kwa kudumu hakuna ya kuigusa humu. Watengenezaji wanataja miezi 12. Kuna kopo la magari ya rangi nyeupe na jingine la magari ya rangi za giza. Tatizo ni lilelile ninalolipigia kelele: ni ya bati lenye rangi tu, plastiki tupu usiiguse. Maelezo ya kopo mara nyingi yako kwa Kijapani, na muuzaji wetu atakwambia "dada, hii unapaka popote." Siyo popote. Kama una subira ya kubandika tepu saa nzima, inunue. Mimi subira hiyo sina kila mara.

Nta za kopo za kanauba, ile inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, zinatoa wekundu mzuri sana juu ya gari jekundu au la maruni. Kwa jua letu zinadumu wiki chache, na kwenye plastiki ni balaa.

Za bei rahisi za chupa zisizo na jina: zinaacha weupe. Basi.

Halafu kuna hizi kinga zinazoitwa "seramiki", za kuganda juu ya rangi kama kioo. Hapa ndipo ninapokasirika. Seramiki ya kweli inakuja kwenye kichupa kidogo, mililita 30 au 50, inataka rangi iliyosafishwa mafuta yote na muda wa kukauka bila maji. Sasa unakuta chupa kubwa ya kupuliza imebandikwa "9H" kwa herufi za dhahabu. 9H ni kipimo cha ugumu cha penseli, hakina uhusiano na almasi wala jiwe, na hakimaanishi mtoto akipitisha msumari hutaona alama. Nyingi ya chupa hizo ni dawa ya kupuliza yenye silika (madini ya mchanga) kidogo. Si mbaya, lakini si ya kulipia bei ya seramiki.

Na bei zenyewe! Ukiuliza mtandaoni unajibiwa "njoo inbox". Ukienda inbox, kwanza unaulizwa una gari gani. Gari yangu inahusiana nini na bei ya chupa iliyofungwa? Ukienda mwenyewe kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar, chupa ileile inabadilika bei kati ya duka na duka, na ukiwa mwanamke inapanda ukiwa bado mlangoni. Wengine wanapima kutoka kwenye dumu na kukutilia kwenye chupa ya maji ya kunywa, eti ni ileile orijino. Ya kupima usinunue kabisa, maana haina lebo ya kukwambia kama inasugua au inakinga.

Kwa waliokwisha kuharibikiwa: mswaki laini na siagi ya karanga. Mafuta yake yanalainisha ule unga na ugumu wake kidogo unautoa vishimoni. Sugua, futa, osha kwa sabuni ya gari mpaka harufu iishe, vinginevyo sisimizi watahamia kwenye bampa.