Diski za Seva ya Kanzidata: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Wauzaji hutangaza kasi ya kusoma na kuandika, lakini mwenye seva inayotunza mauzo au akiba za wanachama anapaswa kuanza na swali jingine: diski inapojibu kwamba muamala umeandikwa, je, umeandikwa kweli, au bado uko kwenye kumbukumbu ya muda itakayopotea umeme ukikatika?

Nafasi ya kwanza naipa jozi ya SSD (diski zisizo na sehemu zinazozunguka) za daraja la seva katika RAID 1 (RAID ni njia ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), ambapo kila diski hubeba nakala kamili ya mwenzake. Diski hizi kwa kawaida huwa na kapasita zinazotunza umeme wa kutosha kumalizia data iliyokuwa njiani, hivyo huweza kujibu mapema bila kudanganya, na kwa sababu hiyo mara nyingi huzishinda kwa mbali SSD za kompyuta za kawaida katika kazi ya kanzidata, hata zile zilizoandikwa kasi kubwa zaidi kwenye boksi. Kwa kuwa si kila diski inayouzwa kwa jina la seva ina kinga hiyo, hakikisha imetajwa kwenye karatasi ya vipimo ya mtengenezaji kabla ya kulipa.

Ya pili ni diski nne za kuzunguka katika RAID 10, ambapo data hugawanywa kwenye jozi za diski zenye nakala, pamoja na kadi ya RAID yenye betri inayolinda kumbukumbu yake ya muda umeme ukikatika. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hufikia shughuli 100 hivi za nasibu (kusoma au kuandika sehemu zisizofuatana) kwa sekunde, kwa hiyo betri hiyo ndiyo inayoiruhusu kadi kupokea maandishi haraka na kwa usalama. RAID 5, inayotumia pariti (data ya ziada ya kukokotolea kilichopotea diski ikifa) badala ya nakala kamili, siipendekezi hapa, kwani andiko dogo moja hudai kusoma data na pariti za zamani, kisha kuziandika zote upya.

SSD za kawaida ni za mwisho, kwa data inayoweza kutengenezwa upya tu.

Ukibanwa na bajeti kwenye PostgreSQL, programu ya kanzidata, usizime fsync (mpangilio unaohakikisha data imefika kwenye diski), maana unaweza kuharibu kanzidata nzima. Kuzima synchronous_commit, mpangilio unaofanya kila muamala usubiri kuandikwa kwenye diski kabla ya kujibiwa, huhatarisha miamala ya sehemu ya mwisho ya sekunde tu. Na kwa kuwa RAID hufuta papo hapo kwenye diski zote kile ulichofuta kwa makosa, tenga fedha za diski nyingine ya nakala rudufu, ikae jengo tofauti.