Flashi ya LibreOffice ya elfu thelathini: unalipia nini hasa?

Asalaam aleikum jamaa zangu, karibuni tena. Leo nina flashi hii hapa mkononi, ndani yake mna LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi kama kuandika barua. Mama mmoja mwenye stesheneri Mlandege kaniazima niwaoneshe. Kaambiwa ni "leseni rasmi ya ofisi, mwaka mmoja", na aliyemuuzia alijitambulisha kuwa ni wakala wa LibreOffice hapa Unguja. Siku barua za wateja wake zilipoanza kuvurugika, mistari ikihamia ukurasa wa pili, akapiga simu kuomba msaada. Jibu alilopewa: mwaka umekwisha, lipa tena.

Haya, naichomeka kwenye laptopu. Tazameni dirisha la mwanzo: LibreOffice 7.1, na hapo hapo pameandikwa Community. Hili ni toleo la Februari 2021. Neno hilo liliwekwa makusudi, ili ofisi kubwa zijue kuwa hii ni programu ya jumuiya, haina mkataba wa msaada nyuma yake. Na masahihisho yake yalikoma mwaka huo huo. Mama wa watu kauziwa kitu kinachomkana muuzaji wake mwenyewe.

Kuuza, jamaa zangu, si kosa. Leseni yake inaruhusu. The Document Foundation wenyewe, taasisi ya Berlin inayoisimamia, wanatoza pesa kidogo ukiichukua kwenye duka la Apple au la Microsoft. Ukimpelekea mtu wa Micheweni asiye na bando, ukatoza flashi yako na nauli yako, ni halali yako. Lakini leseni ya kulipia kila mwaka kwa programu hii haipo. Na jina nalo lina mwenyewe.

Hili la jina nataka mlisikilize vizuri. LibreOffice imetokana na programu iliyoitwa OpenOffice.org, iliyokuwa chini ya kampuni ya Sun. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, na Septemba ya mwaka huo wengi wa waliokuwa wakiijenga OpenOffice.org wakajitenga. Msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, waliondoka nao, kwa sababu ni huria: yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha. Jina likawashinda. Waliiomba Oracle iwaachie, hawakupewa, wakabaki na jina jipya walilojichagulia: LibreOffice. (Hapa kwetu wapo wanaotafuta OpenOffice mpaka leo, maana ile Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004, ndiyo iliyowaonesha menyu za Kiswahili kwa mara ya kwanza.) Sasa LibreOffice nayo ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Ukisema "naweka LibreOffice, nafundisha LibreOffice", sawa kabisa. Ukijifanya wewe ndio wao, hapana. Hata kampuni ya Collabora ya Uingereza, ambayo mchango wake kwenye msimbo ni mkubwa, toleo inalouza huliita Collabora Office.

Na msaada wa kulipia unapatikana kwa kampuni kama hiyo, ile taasisi ya Berlin haiuzi. Unapata toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, na watu wa kuurekebisha msimbo wenyewe. Hoteli ya Nungwi yenye kompyuta 60 ilifikirie jambo hilo. Stesheneri ya Mlandege haina haja nalo.

Maana shida ya mama ilikuwa fonti, yaani aina ya mwandiko wa herufi! Wateja wanamletea faili zilizoandikwa kwa Aptos, fonti mpya ya kawaida ya Microsoft, na mashine yake haina. Programu inaweka fonti nyengine mahala pake, upana wa herufi unabadilika, mistari inahama. Ingekuwa Calibri, fonti ya kawaida ya Microsoft kabla ya hiyo, LibreOffice inayo Carlito yenye upana ule ule. Tulimchagulia mbadala unaokaribiana, na tukamfundisha kuwaomba wateja walete PDF kama hakuna cha kubadilisha. Dakika kumi. Fundi wa mtaani akimfanyia hivyo, elfu thelathini ni jasho lake, sina ugomvi. Kwenye risiti aandike "kuweka programu na kufundisha", neno leseni aliwache.

Nimeshamwekea toleo jipya kutoka libreoffice.org, bila ya malipo. Flashi namrudishia jioni, kasema ataifuta abebee kazi za wateja.