Kigari cha kukodi Letchworth: mji safi, usukani mbishi

Oya wadau karibuni, leo tuko Letchworth, kamji ka bustani kaskazini mwa London, ndani ya kigari cha kukodi, petroli, gia za mkono, mnavijua, siwasomei karatasi. Ninachotaka mkione ni huu usukani, una kamfumo ka kukuweka ndani ya njia yako: ukigusa mstari bila indiketa, unajivuta wenyewe kukurudisha.

Ngoja kwanza tuzunguke hapa Sollershott Circus, kipilefti ya kwanza Uingereza hii, ya 1909 hivi, barabara sita zinakutana, na dereva wa Dar hapotei, unampisha wa kulia, unazunguka, unatoka zako. Raha tupu.

Haya tumetoka tunaelekea kijiji cha Ashwell, na cheki mji unavyoisha ghafla, mashamba hayo, maana Ebenezer Howard, mwenye wazo la miji ya bustani, na wenzake walipouanzisha 1903 walitaka uzungukwe na mashamba na mpaka leo yapo. Sasa mbele kuna baiskeli, niangalieni mikono. Nasogea kulia nimpe nafasi, nagusa mstari wa kati... umeona? Umeona ulivyovuta? Unanirudisha kushoto, kwa mtu wa baiskeli! Nimeukamata mikono miwili nashindana nao. Ukiwasha indiketa unatulia, sawa, lakini njia hizi nyembamba, michongoma inakwangua saitimira, utawasha indiketa kwa kila tawi unalokwepa? Na kukazima hako kamfumo sasa: skrini, mipangilio, usaidizi wa dereva, shuka chini, zima, thibitisha. Vizuri. Nimepaki pembeni, nazima injini, nawasha... kamfumo kamerudi kenyewe! Jamani!

Kwenye A1(M), barabara kuu ya mwendo kasi, sikatai, ni pana, usukani huu unasaidia sana na hauchoki mabega. Huku vijijini unaniudhi.

Mnaouliza bei ya kukodi, mtandaoni unapata nafuu ila kaunta ndo wanakukamua kwa bima na dipoziti, soma masharti kabla hujasaini. Kama shida yako ni mji tu panda treni stesheni ya King's Cross, London, nusu saa hivi umefika, unatembea kwa miguu mpaka bustani ya Norton Common. Ila Ashwell stesheni iko mbali na kijiji, hapo gari linalipa, na kanisani ingia mnarani, kuna maandishi ya Kilatini yamechongwa ukutani kuhusu tauni, yana mwaka 1350, nimeyasogelea na tochi ya simu, mwili ukasisimka.

Jumamosi tuko laivu Welwyn Garden City, mji mwenzake wa 1920, na nitaomba gari la zamani kidogo lisilo na huu ubishi. Sabskraibu, mic mpya nayo niambieni inasikikaje.