Uzoefu wangu: tripu ya snokeli na waongozaji "wakali", nyota 4 kati ya 5

Kabla ya kubuki hawa jamaa wa snokeli, yaani kuelea juu ya maji na miwani na mrija ukiangalia chini, nilisoma maoni ya waliowahi kwenda nao, na karibu kila aliyelalamika alilalamikia kitu kimoja, kwamba waongozaji wakali, wanakupigia kelele ukitaka kusimama juu ya mwamba, hawakupi mkate wa kulisha samaki, hawaruhusu kumshika kasa, yaani wanakunyima raha, na mi nikasema hawahawa ndio ninaowataka. Jina lao silitaji, na ile boti nyingine nitakayoisema huko chini siitaji pia, sitaki kumfanyia mtu tangazo wala kumwagia mtu mchanga kwenye kitumbua chake. Nataka tu anayepanga kwenda kuangalia matumbawe ajue cha kutazama kabla hajatoa hela.

Ukali upo, sikatai. Kabla injini haijawashwa mnakalishwa mnaelezwa, na maelezo ni marefu kweli, wengine walishaanza kupiga miayo. Usisimame popote, usiguse chochote, mnyama usimfukuze, jua mapezi yako ya miguuni yako wapi muda wote. Sehemu ya mapezi mwongozaji ameirudia sana na baadaye nilielewa kwa nini, maana mtu akiyavaa mara ya kwanza anasahau kwamba miguu yake imerefuka, anageuka kupiga picha huku nyuma keshavunja tawi na wala hana habari. Halafu kuna kitu walifanya ambacho sijakiona kwingine, walitushusha kwanza sehemu ya mchanga mtupu, hakuna tumbawe hata moja, wakawa wanatuangalia tu tunavyoelea. Aliyekuwa anatapatapa akapewa boya la kushikilia, na mwongozaji akawa analivuta mwenyewe. Hakuna aliyechekwa. Wanaoharibu mwamba wengi wala si watu wabaya bana, ni mtu tu maji yamemwingia kwenye mrija, akapaniki, akatafuta pa kukanyaga, na pa kukanyaga palipo karibu ni juu ya kitu kilicho hai.

Na ni hai kweli, wanyama wadogowadogo kwa maelfu wamejijengea nyumba ya chokaa. Yale matumbawe ya matawi yanakua haraka, hata sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, lakini yale makubwa ya mviringo yanaongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka, mengine hata haifiki. Sasa piga hesabu mwenyewe, ukikuta tumbawe la namna hiyo limekuzidi kimo ujue limeanza kukua kabla babu ya babu yako hajazaliwa, halafu mtu anataka kulisimamia apige selfi!

Kitu kingine kilichonifanya niwape alama ni kwamba hawakutupa nanga. Walifunga kamba kwenye boya la kudumu lililopo pale. Wengi hatuangalii hili kabisa, tunaangalia samaki, ila nanga ikidondoka juu ya matumbawe na mnyororo wake ukaanza kuburutwa na upepo, eneo zima linasagwa, na inajirudia kila boti inapokuja. Haya maboya ya kudumu yalishika kasi miaka ya 1980 baada ya mwanabiolojia John Halas, huko Florida Keys, kutumia mtindo wa kutoboa mwamba na kuchimbia pini ambayo boti zote zinajifunga hapohapo. Kwa hiyo kama una swali moja tu la kuwauliza kabla ya kulipa, uliza mnajifunga wapi. Anayejua kazi atakujibu palepale, na asiyejua atakuambia usijali.

Sasa tuje kwa wanyama, maana ndicho kilichotupeleka.

Pono nilimsikia kabla sijamwona. Ukiwa chini ya maji masikio yanasikia mbali, na kulikuwa na mlio wa kitu kigumu kinasagwa, kra, kra, ndio nikageuka nikaona mmoja wa kijani na buluu anaukwangua mwamba kwa ule mdomo wake uliokaa kama wa kasuku. Anafuata mwani ulioota juu ya matumbawe yaliyokufa, anang'oa na chokaa yake humohumo, anasaga kwa meno ya kooni, halafu wakati naendelea kumshangaa akaogelea mbele kidogo na nyuma yake likashuka wingu jeupe. Mchanga! Pono mkubwa mmoja anatoa mamia ya kilo kwa mwaka, na sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe tunaolalia kwenye fukwe za visiwa vya tropiki imepitia tumboni kwa hawa mabwana. Na akimaliza kazi, usiku baadhi ya aina zao wanajifunika kifuko cha ute na kulala humo, wadudu wa kunyonya damu wasimpate, ule usingizi wa pono tunaousema kila siku anaulala ndani ya chandarua chake. Wakivuliwa sana mwani unashinda na matumbawe machanga yanakosa pa kushika, ndo maana mwongozaji alikuwa anawataja kwa heshima utadhani ni wafanyakazi wenzake.

Ila sehemu iliyoniacha hoi ni kwa wale samaki wadogo wasafishaji, wembamba, buluu na mstari mweusi ubavuni, wanakaa kwenye jiwe lao moja na wakubwa ndio wanakuja. Yaani foleni ya kinyozi siku ya sikukuu, mmoja anahudumiwa wengine wanasubiri pembeni wamening'inia tu. Kulikuwa na chewa mkubwa kafungua mdomo wote na mashavu kayapanua, na kale kadogo kanaingia mdomoni kanatokea kwenye matamvua, kanakula wadudu na ngozi iliyokufa, na yule chewa mwenye uwezo wa kukameza kwa mkupuo mmoja katulia kabisa, kila baada ya muda anatikisika kidogo, kadogo kanatoka, kanarudi. Tuliambiwa tukae mbali, tusipige mapezi, tuelee tu. Mwanzoni unajiona mjinga umelala juu ya maji hufanyi kitu, ila baada ya dakika kadhaa wale waliokimbia tulipofika wakaanza kurudi mmojammoja, wa njano, wa madoa, hadi mkunga akatoa kichwa kwenye tundu lake huku anafunguafungua mdomo. Watu wanadhani anatishia. Anapumua tu, ndivyo anavyopitisha maji.

Halafu ikaja ile boti nyingine. Wakatupa nanga, wakarushana majini kwa vifijo, mmoja kashika fimbo ya kamera akaenda moja kwa moja hadi pale kwa wasafishaji. Chewa huyo, mkunga ndani, kila mtu kapotea. Wao walipofika hawakuona kitu, na najua kabisa walirudi kusema hapa hakuna samaki. Kisha wakaanza kurusha mkate. Hapo ndio utaona samaki wa mistari wanajaa kwa fujo, na picha zinatoka nzuri, sikatai, lakini hao ni wa aina mojamoja waliozoea, wanakuwa wakorofi hadi wanadonoa vidole, na wale waliotakiwa kula mwani wanashiba unga usiowahusu. Kwenye ngazi yao mtu kapandisha kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, wanapokezana wapige nacho picha. Kile kiumbe kinapata hewa yake kutoka kwenye maji, ukikitoa nje unakikaba, ila nani atawaambia wakati anayewaongoza ndiye aliyekitoa?

Ndio maana nasema wale walioandika kwamba masharti yanaharibu raha mi siwaelewi. Eneo lilikuwa moja na saa ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa ni nani katulia.

Kasa tulimwona pia, ng'amba, anang'ata sifongo kwenye ufa wa mwamba na wala hakutujali. Sharti hapo ni kukaa ubavuni kwake kwa mbali, usimfuate kwa nyuma na usikae juu yake, kwa sababu anapumua hewa kama wewe, akipanda akakuta umemfunika anarudi chini bila kuvuta pumzi. Alipanda, akatoa kichwa, tukasikia kabisa anavuta, akashuka. Kuna sehemu nyingine tulizungushwa mbali na mwongozaji akatuonyesha kwa kidole, kikande mkubwa analinda shimo lenye mayai mchangani. Huyo anauma bila utani, na eneo analolinda linapanuka kwenda juu, kwa hiyo akikujia usikimbilie juu, ogelea kwa ubavu uondoke eneo lake. Hilo peke yake lilinifanya nione maelezo marefu ya asubuhi hayakuwa bure.

Na hawakutuficha sehemu mbaya. Kuna upande matumbawe yamepauka, mengine meupe pee, na boti zingine huwa zinapitiliza hapo haraka mteja asione. Hawa walisimama wakaeleza. Tumbawe linaishi na mwani mdogo ndani ya mwili wake, mwani ndio unampa sehemu kubwa ya chakula na rangi pia, maji yakizidi joto hata digrii moja tu juu ya kawaida ya mwezi wa joto kali na ikakaa hivyo wiki kadhaa, ule uhusiano unavunjika na mwani unatolewa. Jeupe siyo maana yake limeshakufa, maji yakipoa mapema linaweza kurudi, lakini limebaki na njaa na ugonjwa ukija halina nguvu. Aprili 2024 NOAA, lile shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, na mtandao wa kimataifa wa matumbawe walitangaza kwamba dunia imeingia kwenye tukio la 4 la kupauka kwa dunia nzima, baada ya 1998, 2010 na lile refu la 2014 hadi 2017. Kuna abiria akauliza sasa mapezi yangu yana shida gani wakati bahari yenyewe inachemka, na jibu alilopewa nililipenda, kwamba joto mwongozaji hawezi kulizuia asubuhi hii ila mguu wako anaweza.

Krimu ya jua waliuliza kila mtu anatumia gani. Hawaii imezuia kuuza zenye kemikali za kukinga jua za oksibenzoni na oktinoksati tangu 1 Januari 2021, na nchi ya visiwa ya Palau ilitangulia mwaka mmoja na orodha ndefu zaidi. Kwa kweli wanasayansi bado wanabishana krimu inachangia kiasi gani ukilinganisha na joto na maji machafu, na yale maneno ya "salama kwa matumbawe" kwenye chupa hayana kipimo kimoja kinachotambulika kila mahali, kila mtu anajiandikia. Mi nimemaliza ubishi kwa kuvaa fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, napaka usoni tu. Mwingine akaomba glavu, akanyimwa, na nikakumbuka kisiwa cha Bonaire huko Karibiani nao glavu wamezipiga marufuku kwenye hifadhi yao ya bahari, kwa sababu ukishavaa unapata ujasiri wa kushikashika.

Haya, kwa nini sijawapa 5. Miwani yao imechoka. Mpira umekakamaa, yangu ilivuja hadi nikabadilisha, ya pili ikavuja kidogo, na kwa kampuni inayosema paniki ndio inavunja matumbawe hili ni kosa lisiloeleweka, maana maji kwenye miwani ndio mwanzo wa paniki yenyewe. Tulichelewa kuondoka bila hata mtu kusema samahani. Walitangaza vikundi vidogo ila mwongozaji wetu alikuwa na watu wengi kuliko anaoweza kuwaangalia, wa nyuma walikuwa wanajiongoza. Na jamani, baada ya mahubiri yote yale maji ya kunywa yakatolewa kwenye vichupa vya plastiki, nikamtazama jirani yangu, naye akanitazama.

Pia wakati wa kubuki niliuliza kama wako chini ya Green Fins, ule utaratibu ulioanza 2004 wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na taasisi ya Reef-World, ambapo kampuni za kuzamia zinakaguliwa kila mwaka jinsi zinavyofanya kazi, na aliyepokea simu hakuwahi hata kuusikia. Haupo kila nchi kwa hiyo siwezi kuwahukumu kwa hilo, ila uliza tu, jibu litakuonyesha unaongea na nani.

Kwa mwenye watoto: wanakubalika kama wanajua kuelea, na jaketi za saizi yao zipo, nimeziona zinavalishwa na zinakaa sawa. Asiyejua kuogelea anaweza kwenda na lile boya, mama mmoja mtu mzima alikaa nalo mwanzo mwisho na ndiye aliyemwona pweza kabla yetu sote. Chukua safari ya asubuhi kabla upepo haujaamka, maji yanakuwa safi na boti za mkate bado hazijafika. Na miwani beba ya kwako.