TAHADHARI: Anauza "pepa la mchujo" na "kukutoa kanzidata". Ni tapeli, tumeshalizwa

Ndugu zangu mnaosubiri usaili, uwe wa utumishi wa umma au wa benki, kabla hujatuma hata mia kwa mtu anayekuahidi pepa, yaani maswali ya mchujo (usaili wa kwanza, wa kupunguza watu) kabla haujafanyika, soma kwanza yaliyotukuta. Mimi nimeliwa 185,000. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ameliwa 600,000, na pesa yenyewe ilikuwa ya mama yake, ya mpunga aliouza Kyela. Namba ya huyu mtu na jina analotumia siviweki hapa, kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine ambaye huenda hata hana habari. Vyote viko polisi. Ninachotaka mkijue ni namna anavyofanya kazi, maana jina atabadilisha kesho na mbinu itabaki ileile.

Mimi ni mhasibu. Nina miaka minne mtaani tangu nihitimu. Niliomba nafasi ya Mhasibu Daraja la II kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira wa kuomba kazi serikalini, na tangazo la kuitwa kwenye usaili lilipotoka nikalitafuta jina langu kwenye PDF, nikalikuta. Furaha ilidumu mpaka nilipoanza kuhesabu kurasa za kada yetu. Nilifika ukurasa wa 30 nikaacha. Anayetafuta kazi anazijua hesabu hizi. Mwaka 2014 Uhamiaji waliita watu zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa kwa ajili ya nafasi 70. Mwaka 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Ukiwa na namba hizo kichwani, mtu akikwambia "dada'ngu, wenzako hawasomi, wenzako wana pepa", unamwamini kabla hajamaliza kusema.

Nilimkuta kwenye grupu la WhatsApp la maandalizi ya usaili. Hakuanza na pepa. Alianza na notisi za 10,000, na notisi zilikuja kweli, PDF ya kurasa zaidi ya mia. Hapo ndipo aliponipata, kwa sababu mtu aliyekuuzia kitu kikafika, mara ya pili humwogopi. Nilikuja kugundua baadaye kwamba ndani mlikuwa na Sheria ya Fedha za Umma, vipande vya Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, na maswali ambayo wasailiwa wa miaka ya nyuma waliyakumbuka wakayasambaza wenyewe bure. Alichoongeza yeye ni namba yake ya simu, ameipitisha mshazari katikati ya kila ukurasa.

Baada ya notisi likaja grupu la pili la 25,000, la "wachache walio siriasi". Humo ndani ndimo anamoweka skrinishoti za shukrani. "Asante sana mwalimu, nimeitwa kazini, Mungu akubariki." Nilizisoma usiku na mchana. Naomba mziangalie vizuri mkikutana nazo, maana mimi sikuziangalia mpaka pesa ilipokwisha kwenda. Tatu kati ya zile, zenye majina matatu tofauti juu, zilikuwa na chaji ya simu 34% na saa 21:07. Zote tatu. Na mmoja wa hao "waliofaulu" alikuwa ameandika "mwlimu", akakosea vilevile na mwenzake wa chini.

Siku mbili kabla ya mchujo akatangaza kwamba pepa limepatikana, 150,000, mwisho saa 12 jioni. Nilikopa. Alinitumia saa 8 usiku wa kuamkia usaili, picha nne za karatasi iliyokunjwa pembe, nembo ya Taifa juu, maswali 40. Chini ya kichwa paliandikwa: "Jibu maswali yote kwenye karatasi uliyopewa." Mchujo wetu ulikuwa wa kompyuta. Tangazo lilisema hivyo, mimi mwenyewe nilikuwa nimelisoma, na bado nilikaa kitandani mpaka alfajiri nakariri majibu ya karatasi ambayo haikuwa na mahali pa kutumika. Hofu inafanya hivyo. Naisema wazi kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa ameshika simu yenye picha kama zile na anajiambia pepa lake yeye ni la kweli.

Niliketi Mbeya, kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kimoja. Skrini ilipofunguka, katika yale 40 halikuwemo hata moja, isipokuwa moja lililofanana kidogo, la kutofautisha matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida, ambalo mhasibu yeyote analijibu bila kuuziwa. Wiki tatu nilikuwa nimesoma IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, vizuri kabisa. Asubuhi ile kichwa kilikuwa kizito kwa usingizi na kimejaa maswali ya yule mtu. Matokeo yalipotoka, mbele ya namba yangu ya mtihani hapakuwa na neno la kuchaguliwa. Laki na themanini na tano nitaipata tena. Usaili ule hautarudi, na hiki ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Nilipomuuliza, hakuzima simu kama nilivyotegemea. Alinipa pole. Akasema pepa lilibadilishwa dakika za mwisho, ila kuna kijana "ndani ya mfumo" anaweza kunirekebishia alama, nitume namba ya mtihani, namba ya NIDA na nywila ya akaunti yangu ya Ajira Portal, pamoja na 300,000. Hapo ndipo nilipozinduka. Wawili kwenye grupu lile walituma nywila zao. Mmoja alikuta barua pepe na namba ya simu kwenye akaunti yake vimebadilishwa, kisha akaambiwa alipe ili arudishiwe. Jamani, akaunti ile ina vyeti vyako vyote, ina maombi yako yote. Ukiitwa kwenye usaili mwingine utajuaje?

Sasa la rafiki yangu. Yeye alishafaulu mchujo na kufanya mahojiano, lakini hakupangiwa kazi. Wanaofaulu mahojiano wakazidi idadi ya nafasi huwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya akiba, nafasi ikitokea ya kada hiyo wanachukuliwa humo. Ni utaratibu wa kweli, na kwa kuwa ni wa kweli, tapeli amejenga nyumba yake juu yake. Alimwambia kuna afisa "anayechomoa majina", 600,000, nusu kwanza na nusu barua ikitoka. Na barua ikatoka. Nimeishika kwa mkono wangu: ina nembo, ina kumbukumbu namba, ina sahihi ya wino wa bluu, ina mhuri. Akamalizia pesa iliyobaki siku hiyohiyo, akapanda basi na begi la nguo kwenda halmashauri aliyopangiwa.

Ofisi ya utumishi walimpokea vizuri. Yule mama aliyekuwa mezani aliisoma barua, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, halafu akamuuliza kwa upole: "Mwanangu, hii umepewa na nani?" Jina lake halikuwemo kwenye tangazo lolote la kuitwa kazini. Kwenye akaunti yake hapakuwa na barua. Tena alipata bahati ya kukutana na mtu mwenye huruma, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya mtumishi wa serikali akiwa na nyaraka ya kughushi mkononi, na angeweza kulala rumande. Alirudi na begi lake. Mama yake hajaambiwa mpaka leo ninapoandika.

Mtanielewa mkijua hesabu ya biashara hii, ambayo mimi nilichelewa kuifikiria. Chukua watu 40 waliolipia pepa. Katika hao, wachache watafaulu mchujo kwa sababu walisoma, basi. Hao wachache wataamini ni yeye, watamshukuru kwa moyo safi, na watamletea wenzao. Waliofeli watanyamaza kwa aibu. Na akikwambia "usipofaulu narudisha pesa", usidhani ni uungwana, maana ataweza kuwarudishia wawili wenye kelele mbele ya grupu na kubaki na za wengine wote. Hahitaji pepa. Hahitaji kumjua mtu yeyote Dodoma. Anahitaji watu wengi wenye hofu na subira ya wiki mbili.

Kwa upande wa benki anakuja kwa sura nyingine: ujumbe wa pongezi kwamba umechaguliwa, lipia 35,000 ya vipimo vya afya au ya sare ya mafunzo kwenye namba ya mtu binafsi. Benki kubwa kama NMB na CRDB zinapokea maombi kwenye mifumo yao wenyewe na hazidai hela ili zikuajiri. Sekretarieti ya Ajira nayo haitozi hata shilingi, kuanzia kuomba mpaka kupangiwa kituo. Tangazo lake la kweli liko kwenye tovuti inayoishia na go.tz na taarifa zako ziko kwenye akaunti yako. Kiungo chochote kinachokuomba nywila nje ya hapo kiache.

Kama umeshatuma pesa, usikae kujilaumu mpaka kesho. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, maana ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, ufuate maelekezo utakayopewa ya kuingiza namba ya tapeli. Piga *106# uangalie kama kuna laini iliyosajiliwa kwa NIDA yako usiyoijua, hasa kama ulimpa namba hiyo. Kisha nenda kituoni ukiwa na miamala na mazungumzo yote, upewe RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Usifute chochote, hata kinachokuaibisha. Anayejitambulisha kuwa mtumishi wa serikali au kudai ana afisa ndani, toa taarifa TAKUKURU, 113, ni bure.

Najua kinachowazuia wengi. Sheria ya kupambana na rushwa ya 2007 inamgusa anayetoa na anayepokea, na sisi tulikwenda kununua kitu kisichouzwa. Niliogopa hivyohivyo. Nilimweleza askari ukweli wote, pamoja na kosa langu, akaandika. Sikuwekwa ndani. Siwezi kuahidi kwamba kila mtu atapokelewa kama mimi, ila ninajua kwamba kwa kunyamaza kwetu yule mtu amepata msimu mwingine.

Kuhusu kujiandaa, wadogo zangu, nitasema lile lililonisaidia kwenye usaili uliofuata, ambao mchujo wake nilivuka. Rudi kwenye tangazo la kazi uliloombea, usome majukumu ya nafasi hiyo, moja baada ya jingine. Kila jukumu ligeuze kuwa swali. Sisi wahasibu majukumu yanatupeleka kwenye Sheria ya Fedha za Umma, Sura 348, Sheria ya Bajeti, Sura 439, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na mifumo ya MUSE (ya malipo) na NeST (ya ununuzi) ambayo serikali inaitumia kila siku. Kada zote, msiiache Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298. Zote zinapatikana mtandaoni bila kulipa. Na kama huna kompyuta, tafuta steshenari au rafiki ujizoeze kujibu maswali kwa kipanya huku saa inahesabu. Nimeona watu wanaojua kazi yao wakipoteza dakika kumi wakitafuta mahali pa kubofya.

Halafu nyaraka. Watu wanahangaika na pepa wakati cheti cha kuzaliwa hakijulikani kilipo. Beba vyeti halisi. Hati ya matokeo ya kidato cha nne haitakubaliwa badala ya cheti. Kama majina yanatofautiana, shughulikia hati ya kisheria ya majina (deed poll) sasa hivi, usisubiri kuitwa. Namba ya mtihani inakili kutoka kwenye akaunti yako kabla ya siku yenyewe, na usimpe mtu.

Jana usiku, kabla sijaandika hapa, nimeangalia lile grupu kwa simu ya mdogo wangu. Limebadilishwa jina, sasa ni la maandalizi ya ajira za benki. Bei ya notisi ni ileile, 10,000. Na ile skrinishoti ya saa 21:07 imewekwa tena, safari hii kwa jina la mtu wa nne.