Pikipiki ya Boxer ya KMD au ya KMG: ipi ununue Kisumu?

Namba za pikipiki Kenya hupanda kwa alfabeti, kwa hivyo KMD ni kongwe kuliko KMG. Bei nayo hufuata herufi, ila hiyo peke yake si sababu ya kuikimbilia ile mpya.

Ya zamani iwashe injini ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto kabla hujafika, mwambie azime, msubiri. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua: ringi za pistoni zimelika, au sili za valvu, na hapo bei ishuke kwa gharama ya kufungua injini. Mvuke mweupe kidogo asubuhi usikutie hofu. Kisha ipandishe mlima wa Riat ukiwa na abiria. Klachi ikiwa imechoka, injini italia na pikipiki isiende. Uzuri ni kwamba fundi yeyote wa Kondele anaijua, na vipuri vimejaa.

KMG huenda injini yake haijaguswa. Shida ni karatasi. Nyingi zilinunuliwa kwa mkopo, na deni lisipoisha, jina la mkopeshaji hubaki kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki, na huwezi kuhamisha umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri, bila yeye kuridhia. Ukiambiwa "logbuku nitakuletea wiki ijayo, omera," rudi nyumbani na pesa zako. Linganisha pia namba ya chesisi na ile iliyo kwenye logbuku.

Kwa matope ya mashamba ya mpunga kule Ahero, mimi ningechukua KMD isiyovuja oili. Kwa lami kila siku, KMG, mradi deni limelipwa.