Mlio wa tahadhari wa gari la umeme: tathmini ya aliyesimama nje

Nimeendesha gari dogo la umeme kwa miezi minane, na jambo ambalo tathmini nyingi za magari haya hulipita kwa sentensi moja ndilo ninalotaka kulieleza hapa, yaani mlio wa tahadhari unaotoka kwenye spika iliyofichwa nyuma ya bampa la mbele ili anayetembea kwa miguu ajue kwamba gari linakuja. Jina la gari silitaji, kwa kuwa kifaa cha aina hii kimo katika magari mengi yanayouzwa sasa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuupima mlio huo nikiwa nimeshika usukani. Vioo vikifungwa, dereva husikia mvumo hafifu tu, na ni rahisi adhani kwamba kifaa kimeharibika. Basi nilimkabidhi mdogo wangu funguo, nikasimama mita mbili hivi kutoka njia atakayopita katika uwanja wa maegesho uliokuwa mtupu, nikafumba macho na kumwomba anipite mara kumi bila kuniambia atatokea upande gani. Umbali huo sikuubuni. Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia milio hii, huweka vinasa sauti mita 2 kutoka mstari wa katikati ya gari, na inataka zisomeke angalau desibeli 50 gari likienda kilomita 10 kwa saa, na 56 likifika kilomita 20. Likizidi hapo kifaa kinaruhusiwa kunyamaza, kwa kuwa mngurumo wa tairi barabarani huanza kujitosheleza.

Mara tisa kati ya kumi nilinyoosha kidole upande uliokuwa sahihi kabla gari halijanifikia, na sifa hiyo naitoa bila kusita. Mtengenezaji hakuchagua mluzi mmoja mwembamba, ambao huwa vigumu kujua umetoka wapi, bali ameunganisha mvumo mzito na mchakacho mwembamba wa juu. Sauti nzito hutuonyesha upande kwa sababu hulifikia sikio moja mapema kidogo kuliko jingine, ilhali sauti nyembamba hufanya hivyo kwa kuwa kichwa huikinga na kuidhoofisha kabla haijafika sikio la pili. Mlio wenye zote mbili humsaidia pia mzee ambaye sauti nyembamba zimeanza kumpotea. Isitoshe, kanuni inadai mlio uzidi kuwa mwembamba kadiri mwendo unavyoongezeka, walau asilimia 0.8 kwa kila kilomita moja kwa saa inayoongezeka, na mdogo wangu alipokanyaga mafuta (mazoea ya lugha, mafuta hayamo) niliusikia ukipanda kama cherehani ya mshonaji aliyeingiwa na haraka. Nilijua anaongeza mwendo wala sikufumbua macho.

Mara ya kumi lori lilikuwa limewashwa jirani yetu, na gari lilikuwa limeshanipita nilipolitambua. Desibeli 56 hazizidi sauti ya mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo anayetarajia kifaa hiki kishindane na injini ya dizeli atarajie kidogo.

Kurudi nyuma kuna mlio wake wa kukatikakatika, unaosikika vizuri na kuudhi vya kutosha alfajiri. Sina la kuongeza.

Kasoro kubwa niliionyeshwa na rafiki yangu asiyeona, ambaye nilimwalika aje na fimbo yake nyeupe kwa sababu hukumu yake ina uzito kuliko yangu. Alisimama mbele ya gari lililokuwa tayari kuondoka, gia imeshawekwa, mguu wa dereva kwenye breki. Akasikiliza. Kisha akanyoosha mkono, akagusa boneti kwa kiganja na kuuliza, "Hapa pana gari, au mmenisimamisha mbele ya ukuta?" Alinieleza kwamba kabla ya kuvuka barabara yeye hutafuta kwanza injini zinazosubiri, ili ajue magari yako safu zipi, na ndipo husikiliza ni zipi zimeondoka. Gari langu likisimama halisemi lolote. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inaruhusu mlio wakati huo bila kuulazimisha. Kiwango cha Marekani kinaulazimisha maadamu gari halijawekwa kwenye gia ya maegesho, na pia kinataka mlio uendelee hadi kilomita 30 kwa saa.

Kwenye kioo cha mguso kuna milio mitatu ya kuchagua. Wa tatu unafanana na muziki wa vyombo vya anga, nami niliupenda mno hadi rafiki yangu alipousikia na kusema kwamba angeanza kutafuta simu mfukoni mwake.

Swichi ya kuzima haipo, na nashukuru. Gari langu la awali lilikuwa nayo, nikawa naibonyeza kila asubuhi kwa heshima ya waliolala, mpaka siku niliyomkuta jirani ameinama akifunga kamba za kiatu, amenipa mgongo, asijue kwamba nimeshamfikia hadi nilipopiga honi. Utafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine uliochapishwa mwaka 2024, kwa takwimu za Uingereza za 2013 hadi 2017, ulionyesha kwamba kwa kila maili magari ya umeme na ya mseto (yenye injini na mota ya umeme pamoja) yaliwagonga watembea kwa miguu takribani mara mbili ya yale ya petroli na dizeli. Katika miaka hiyo mlio haukuwa wa lazima. Umoja wa Ulaya ulianza kuudai kwa aina mpya za magari Julai 2019, na kwa magari yote mapya Julai 2021.

Nilimwandikia mtengenezaji nikamwomba aongeze mlio wa gari lililosimama, kwa kuwa spika ipo na kinachotakiwa ni kurekebisha programu. Alijibu kwa adabu kwamba gari linatimiza kanuni zote zinazolihusu. Nilikuwa nimekusudia kukipa kifaa nyota nne kati ya tano, nimekipa tatu.